Trekta la zamani lisilowaka: soma dalili kabla ya kutaja bei

Simu huwa zinaingia jioni. Mtu kaona Massey Ferguson 135 shambani kwa watu huko Chanika au Mkuranga, limesimama chini ya mkorosho, kuku wamehamia kwenye kiti. Mwenye nalo kashataja milioni zake, na anayepiga anataka jibu la neno moja: "Fundi, nimpe ngapi?" Namrudishia swali: liliegeshwa kwa sababu gani? Wengi hawakuuliza. Waliuliza mwaka, wakauliza kadi ya usajili, wakapiga picha, wakaondoka.

Matrekta yasiyowaka yako ya aina mbili. Lipo lililoegeshwa likiwa zima, kwa sababu mzee alifariki, au shamba lilikatwa viwanja, au watoto hawakutaka kilimo. Hilo linadaiwa kutu peke yake. Na lipo lililoegeshwa baada ya kuharibika, fundi akataja hela ambayo mwenye nalo hakuwa nayo. Hilo linadaiwa ule ubovu wa kwanza, juu yake kutu, na juu yake tena vifaa vilivyofunguliwa vikapotea. Kwa macho yanafanana kama mapacha.

Kwa hiyo anza na maneno kabla ya spana. "Shikamoo mzee. Hili mara ya mwisho lilifanya kazi gani?" Akikujibu, "Marahaba mwanangu, lilitoka kulima kwa jirani hapo, likaja lenyewe, likazimwa," shukuru, kisha tembea mpaka kwa huyo jirani. Yeye hana cha kuuza. Mara moja jirani aliniambia, "Lije lenyewe? Tulilivuta kwa kamba siku mbili." Sentensi hiyo ilinipunguzia bei kuliko vipimo vyote nilivyofanya baadaye.

Wauzaji nao wana lugha yao. "Ni betri tu" maana yake hakuna aliyejaribu kuliwasha karibuni. "Ni pampu tu" maana yake fundi alishakuja, akashindwa, na pampu ndiyo ya mwisho kulaumiwa. "Linawaka kwa kusukuma" yaweza kuwa stata, yaweza kuwa injini imechoka mpaka haina nguvu ya kubana hewa. "Kuna mtu wa Kibaha alitaka kulichukua" haina maana yoyote.

Hesabu inaanzia upande wa pili

Usianze na bei ya muuzaji ukashuka. Anza na bei ya trekta la aina hiyohiyo, linalowaka na kulima, hapa Dar es Salaam leo. Ulizia kwa watu watatu walionunua karibuni, siyo kwa wanaouza. Toa gharama ya ubovu mbaya zaidi unaoendana na dalili ulizoziona. Toa usafiri. Toa gharama ya karatasi. Kinachobaki, toa tena sehemu ya tano au ya nne kwa ajili ya yale usiyoyaona, maana trekta lililolala huwa na siri, na siri hizo utazilipia wewe.

Halafu piga hesabu ya chini kabisa: uzito mara bei ya kilo ya chuma chakavu. Massey 135 lina kama kilo 1,500 bila majembe. Pita kwenye mizani yoyote ya skrepa, uliza wanachukua kilo kwa shilingi ngapi wiki hii, zidisha. Hiyo ndiyo sakafu. Muuzaji naye anaijua, kwa sababu vijana wa skrepa walishapita kwake kabla yako. Hesabu yako ikiangukia chini ya sakafu hiyo, hilo siyo trekta la kutengeneza. Ni la kuchinja kwa ajili ya spea, au ni la kumwachia mwenyewe.

Sasa dalili.

Injini haizunguki kabisa

Hapa ndipo pesa nyingi ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Angalia kwanza bomba la moshi. Kama ni la kusimama, lina kopo juu yake? Mwenye trekta aliyefunika bomba kwa kopo la rangi au la maziwa ya unga alikuwa na nia ya kuliwasha tena. Bomba lililoachwa wazi limekunywa masika zote za miaka yote hiyo, na maji yalipita kwenye valvu iliyokuwa wazi siku lilipozimwa, yakatua juu ya pistoni. Silinda moja ikishashika kutu, injini nzima imekamata, yaani imeshikana na haizunguki.

Hata hivyo, kutokuzunguka siyo lazima kuwe kukamata. Nimeona watu wakikata milioni kwa ajili ya stata iliyong'ang'ania meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Legeza boliti za stata, irudishe nyuma kidogo, kisha jaribu kuzungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya trekta. Ikienda, umeokoa pesa nyingi, na huna sababu ya kupiga kelele za furaha mbele ya muuzaji.

Isipokwenda, fungua noza, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Silinda ikiwa imejaa maji au dizeli, pistoni haiwezi kupanda kwa sababu kimiminika hakibanwi. Ukifungua noza na kuzungusha taratibu, kinatoka kwenye tundu na injini inakuwa huru. Baada ya hapo mulika tochi ndani uone rangi. Ukungu wa kahawia mwepesi hulegea kwa kumimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi na kuiacha siku kadhaa. Magamba mazito ya kutu hayalegei kwa dua wala kwa nyundo, na hata yakilegea, ringi za pistoni zimeshakwisha.

Kuna mbinu ya kusukuma: weka gia ya juu kabisa, watu wanne wasukume mbele na nyuma. Kama matairi ya nyuma yanagoma kuzunguka kwenye gia lakini yanazunguka gia ikitolewa, injini imekamata. Lakini angalia kama kuna kijiti kidogo cha Multi-Power, cha kubadili kasi bila kukanyaga klachi, karibu na dashibodi. Massey za namna hiyo, injini ikiwa imezimwa, hutembea mbele hata zikiwa ndani ya gia, kwa sababu sehemu ile inahitaji presha ya oili ili ishike. Mnunuzi mmoja alifurahi kwamba trekta linasukumika kwenye gia, akasema injini ni laini. Injini ilikuwa jiwe.

Na msikubali livutwe kwa lori ili "lishtuke". Kama kuna maji kwenye silinda, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda siku hiyohiyo, na utakuwa umenunua ubovu uliousababisha mwenyewe.

Bei yake: mpaka injini izunguke mikononi mwako, ihesabu kama imekamata, ya kufanyiwa ovaholi kamili, yaani kufunguliwa yote na kutengenezwa upya. Muuzaji akisema italegea, mwambie ailegeze yeye, ukija wiki ijayo unaongeza. Hapo ndipo utajua anachokiamini.

Jina la trekta linaingia hapa pia. Massey 135 la Uingereza lilitumia injini ya Perkins ya silinda tatu, AD3.152, yenye laina za kubadilisha, yaani mikebe ya chuma inayovikwa ndani ya silinda. Massey 240 lililokuja baadaye lilibaki na ukoo huohuo wa injini, na matrekta ya ukoo huo yameendelea kutengenezwa Pakistani na India. Ndiyo maana spea zake unazikuta kwenye maduka ya Gerezani, Dar, asubuhi, na fundi wa Vingunguti anaifungua Perkins huku akizungumzia mpira. Ford 3000, lililotengenezwa kati ya 1965 na 1975, ni trekta imara, ila bloku yake haina laina. Pistoni inakwenda moja kwa moja kwenye chuma cha bloku. Silinda ikiliwa na kutu, lazima bloku ipelekwe kwa mchonga injini ikatobolewe na kuvikwa laina. Hiyo ni gharama nyingine juu ya ovaholi, kwa hiyo Ford lililokamata lina bei ndogo kuliko Massey lililokamata, hata kama linaonekana zuri zaidi.

David Brown, Valmet na wengine wa aina hiyo: siyo matrekta mabaya. Tatizo ni kwamba kila kifaa kinakuwa safari. Kiwanda cha David Brown cha Meltham kilifungwa mwaka 1988. Kama huna trekta la pili la aina hiyo la kuchukulia spea, kata bei kama vile nusu ya vifaa havitapatikana.

Inazunguka, ila haiwaki

Hii ni habari njema iliyovaa nguo mbaya. Beba betri yako mwenyewe yenye nguvu, usitegemee ya muuzaji, na beba dizeli safi lita tano. Kwanza angalia waya wa kuzimia. Mara nyingi umeshika kutu ukiwa umevutwa, pampu imefungwa, na watu wamefungua nusu ya injini bila kuugusa.

Zungusha kwa stata, tazama bomba. Hakuna moshi kabisa? Dizeli haifiki. Kunatoka moshi mweupe wenye harufu kali? Dizeli inafika lakini haiungui. Hizo ni njia mbili tofauti, na bei zake ni tofauti.

Kama haifiki, legeza bomba la kuingia kwenye pampu, piga pampu ndogo kwa mkono, uone kama dizeli inatiririka. Tangi lililokaa miaka lina matope na maji chini, na chujio linakuwa kama ugali wa mtama. Ikifika kwenye pampu lakini haitoki kwenye mabomba ya noza, pampu ndiyo imelala. Massey hizi nyingi zina pampu ya CAV ya kuzunguka, ambayo ndani yake inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Dizeli yenye maji ikikaa humo miaka, vyuma vyake vilivyosuguliwa kwa ustadi mkubwa vinashikana. Mtu wa pampu Dar yupo, mashine ya kupimia ipo, kwa hiyo hilo ni tatizo lenye bei inayojulikana: piga simu, uliza bei ya kufufua na bei ya kununua iliyotumika, kata ile kubwa.

Kama moshi mweupe upo, tatizo ni kubana hewa, au muda wa pampu umehama kwa sababu mtu aliifungua akaifunga vibaya. Uliza kama pampu iliwahi kutolewa. Ikiwa ndiyo, kuna matumaini. Ikiwa haijaguswa, injini imechoka. Sisi tuna kipimo ambacho watu wa nchi za baridi hawana: joto la hapa. Januari Dar es Salaam, jua la saa nane, nyuzi 30 na zaidi, dizeli yenye afya haihitaji msaada wowote wa kuwaka. Muuzaji akija na kopo la spirei ya kuwashia, au kitambaa chenye petroli mdomoni mwa chujio la hewa, amekuambia yote. Ringi na valvu zimekwisha. Likiwaka kwa namna hiyo, lipongeze, kisha kata bei ya ovaholi.

Oili inasema nini

Chomoa kijiti cha oili. Nyeusi ya kawaida, kwenye alama: sawa. Ya rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Imezidi alama na ni nyepesi kama maji, inanuka dizeli: mara nyingi ni kiwambo cha mpira cha ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli, kimechanika na kumwaga dizeli kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hiyo ya mwisho ni spea ndogo kabisa, na muuzaji asiyeijua huwa ameshaambiwa injini imekufa. Lakini kama waliendelea kufanya kazi na oili hiyo nyepesi, beringi zimeumia. Uliza.

Kijiti pekee hakitoshi, kwa sababu maji hukaa chini na oili hupanda juu. Legeza nati ya chini ya sampu taratibu, mizunguko miwili mitatu, uone kinachotangulia. Yakitangulia maji safi mengi, yalitoka juu, kwenye gasketi au bomba la moshi lililo wazi. Vipande vya shaba vinavyometameta kwenye kiganja ni beringi. Nikiona hivyo sifungui kitu kingine.

Maji kwenye oili yana vyanzo ambavyo bei zake zinaachana kama mbingu na ardhi. Gasketi ya silinda hedi, ule mfuniko wa juu wa injini, ni kazi ya siku moja. Hedi iliyopasuka ni kubadilisha hedi. Bloku iliyotoboka ni maafa, na Ford za silinda tatu na nne za kipindi kile zinajulikana kwa vitundu vidogo vinavyoliwa kutoka upande wa maji mpaka kwenye silinda. Huwezi kujua ni kipi kabla ya kufungua hedi. Kwa hiyo usinunue kwa bei ya gasketi.

Mafundi wa Ulaya wanahofia bloku iliyopasuliwa na barafu. Sisi barafu hatuna, lakini tuna maji ya kisima. Trekta lililofanya kazi Mbagala au Kigamboni likijazwa maji ya chumvi kwenye redieta kila asubuhi, njia za maji ndani ya bloku zimejaa magamba, na zile plagi bapa za pembeni mwa bloku zimeliwa mpaka zinatoboka kwa bisibisi. Zijaribu. Fungua mfuniko wa redieta: kutu laini ya rangi ya matofali ni kawaida, chumvi nyeupe iliyoganda siyo. Na kama trekta lilichemka kisha dereva akamwaga maji baridi likiwa bado limewaka moto, tafuta ufa kwenye hedi na juu ya bloku. Ufa uliochomelewa nje huonekana kwa rangi mpya sehemu moja tu. Rangi mpya sehemu moja tu, popote pale, iulize imeficha nini.

Katika matrekta haya bloku siyo injini peke yake. Hakuna chasi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na gia boksi vimefungwa boliti kwa boliti na ndivyo vinavyobeba uzito wote. Ufa kwenye bloku au kwenye nyumba ya gia ni ufa wa uti wa mgongo. Pitisha mkono chini yote.

Injini iko huru, lakini trekta halisogei, au gia haziingii

Bonyeza klachi huku mwenzako akizungusha injini. Sahani ya klachi iliyokaa miaka kwenye unyevu wa pwani hugandia flaiwili, na pedali inabaki kubonyea bure. Kugandua wakati mwingine ni rahisi, injini ikishawaka. Wakati mwingine ni kulikata trekta, yaani kulifungua boliti na kulitenganisha vipande viwili katikati, kwa magogo na jeki, ili kuifikia. Sahani yenyewe siyo ghali sana, ila utalipa kazi. Massey nyingi zina klachi ya hatua mbili, moja ya kutembea na moja ya shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta, na hiyo inaongeza gharama. Mimi hukata bei ya klachi nzima kwa kila trekta lililolala zaidi ya miaka mitatu, bila kubishana.

Kwenye gia boksi angalia mpira wa chini ya kijiti cha gia. Ukiwa umechanika, mvua imeingia humo. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya nyuma. Ikiwa nyeupe kama uji, ujue maji yamekaa ndani ya nyumba moja na haidroliki, kwa sababu pampu ya haidroliki ya Massey imezama humohumo kwenye oili, katikati ya trekta. Mfumo ule wa kunyanyua jembe, uliotoka kwa Harry Ferguson mwenyewe, ndio uliofanya matrekta haya yapendwe, na ndio huwezi kuupima injini ikiwa imezimwa. Mikono ya nyuma ikiwa imelala chini usiinyanyue kwa mkono ukasema inafanya kazi. Ihesabu mbovu. Ikija kuwa nzima, ni bahati yako.

Magurudumu ya nyuma yaliyoshikana mara nyingi ni breki tu. Mafuta yaliyotiririka ndani ya rimu ya nyuma ni sili. Haya ni ya kawaida, yasikunyime usingizi.

Trekta limefunguliwa

Hedi iko pembeni kwenye gunia, noza "zilikwenda kuoshwa", redieta haipo. Nisikilize vizuri: trekta lililofunguliwa halina tofauti na kuku aliyenyonyolewa, anapikwa leo au anaoza. Silinda zilizokaa wazi msimu mmoja wa vuli zimekwisha. Boliti zilizopotea zitakula siku nzima za fundi. Na aliyelifungua aliona kitu kilichomfanya aache. Trekta zima lililokamata nalipenda zaidi kuliko trekta lililofunguliwa ambalo "lilikuwa zima kabisa". Kwa haya nakwenda karibu na sakafu ya skrepa, nikiongeza thamani ya matairi na gia boksi tu.

Vinavyoonekana kirahisi

Waya na taa: zipuuze, trekta la zamani lina waya chache kuliko pikipiki. Usukani wenye mchezo na pini za mbele zilizolegea ni bushi. Kiti, boneti, rangi: ni mapambo, ila boneti nzima yenye nembo zake humfurahisha mnunuzi wa baadaye.

Matairi siyo mapambo. Ya nyuma ya Massey 135 mara nyingi ni saizi 12.4/11-28, ya mbele 6.00-16. Yakiwa na nyufa kubwa ubavuni, yamekwisha hata kama meno yanaonekana marefu. Likianza kulima yatapasuka. Gonga rimu pembeni ya valvu. Wengi walijaza maji ndani ya tairi ili trekta liwe zito, na rimu hulika kutoka ndani. Bei ya jozi mpya ya nyuma ipate kabla hujaenda kwa muuzaji, maana ndicho kitu kitakachokushtua baada ya injini.

Karatasi

Hapa Dar nimeona watu wakipoteza pesa kwenye karatasi kuliko kwenye pistoni. Namba ya chasi na ya injini zisomwe kwenye chuma, zilinganishwe na kadi, kisha kadi ihakikiwe Mamlaka ya Mapato (TRA). Kadi ikiwa imepotea, ripoti ya polisi na taratibu za kupata nyingine ni za muuzaji kabla ya mauzo, siyo ahadi ya baada ya mauzo. Jina kwenye kadi likiwa la marehemu, anayepaswa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mbele yako wamekaa mjane na watoto wanne wanaokubaliana. Leo wanakubaliana. Trekta likianza kuunguruma, wa tano atatokea Tabora.

Matrekta ya zamani ya vijiji na vyama vya ushirika yana shida yake: kila mtu anayauza na hakuna anayeyamiliki. Bila muhtasari wa kikao na kibali cha chama, usitoe hata ya kahawa.

Kama unanunua kwa spea tu, karatasi hazikuhusu sana, lakini hati ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti wa mtaa bado unaihitaji, kwa sababu utapita barabarani na chuma cha watu.

Mfano wa hesabu

Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme Massey 135 zima linakwenda milioni 14. Ulilokwenda kuliona limekamata, bomba lilikuwa wazi, oili ina maji, klachi haieleweki, matairi ya nyuma yamepasuka, na liko upande wa Morogoro, kilomita kama 190 kutoka mjini.

Ovaholi milioni 3.5. Pampu na noza laki 9. Klachi na kukata trekta laki 8. Matairi milioni 2. Haidroliki usiyoijua laki 6. Lori la kubebea mitambo, pamoja na vijana wa kupakia, milioni 1. Karatasi laki 2. Jumla milioni 9. Imebaki 5. Toa robo kwa siri za trekta: milioni 3 na laki 7 na nusu. Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho kabisa, kwa hiyo ya kwanza unayotaja ni milioni 2 na nusu. Sakafu ya skrepa iangalie pembeni: kama kilo 1,500 kwa bei ya wiki hii zinazidi hapo, usishangae muuzaji akicheka.

Muuzaji alikuwa anataka 7. Usimtukane kwa kicheko. Mwonyeshe karatasi, mstari kwa mstari, umwache aseme ni upi si wa kweli. Mara nyingi anabisha mmoja tu, na ule anaobisha ndio anaoujua. Akisema, "Haidroliki nzima, mimi mwenyewe nililimia," huenda ni kweli, mwongeze laki tatu kwa moyo safi. Akibisha yote, kunywa maji yake, acha namba ya simu.

Msimu nao una bei yake. Januari na Februari kila mtu anatafuta trekta kabla ya masika, hata mabovu yanapanda. Juni na Julai mwenye trekta bovu anaangalia ada za shule na trekta lake halijalima. Mimi hupiga simu wakati huo.

Nani anunue trekta kwa sababu tu ni la zamani? Hapa kwetu wachache. Ferguson dogo la kijivu, TE20, lililotengenezwa Coventry kuanzia 1946 mpaka 1956, lina watu wake Ulaya wanaolilipia kwa mapenzi. Enzi zake ndizo enzi za ule mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, wakati wa ukoloni, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na bado unaweza kukuta mabaki ya mashine za miaka ile yamelala vijijini. Ukilipata zima lenye vibati vyake vya namba, usilipeleke skrepa haraka. Lakini usiweke bei ya Ulaya kwenye mnunuzi wa Mbagala anayetaka kuvuta tela la mchanga.

Mkikubaliana, gawa malipo. Kianzio kidogo kwa maandishi, na sehemu kubwa siku ya kupakia. Siku hiyo uliza vitu vyote vilivyofunguliwa: noza, stata, funguo, kadi, jembe lililoahidiwa, na ule mkono wa tatu wa juu wa kufungia jembe ambao kila mara "uko kwa shemeji". Vikishaingia kwenye gunia na gunia likawa juu ya lori, hesabu pesa iliyobaki.